Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) waliorudi kutoka Burma: kwa nini baadhi waliishia kukata mkonge?

#1 MwanaMkonge
Wadau, salama? Kuna jambo hutajwa kwa haraka halafu mtu anapita. Katika vita vya pili vya dunia Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000. Wakapelekwa Somalia ya Mtaliano na Uhabeshi, wakapelekwa Madagaska 1942, wakavushwa bahari hadi Sailoni (Sri Lanka ya leo) na kuingia Burma 1944. Vita vikaisha, wakarudishwa makwao. Miaka michache baadaye unawakuta baadhi yao Korogwe, Muheza au Kimamba, kaptula ya kaki ileile, wanahesabu majani thelathini thelathini. Humo walikuwemo waliofundishwa kuendesha lori, kufunga majeraha na kupokea ujumbe wa redio.

Hoja yangu: kiinua mgongo kilikuwa kidogo mno, na mwajiri pekee mwenye nafasi nyingi alikuwa mwenye shamba la mkonge. Anayepinga alete sababu, asilete kejeli.

#2 Chapati_Mbili
Bila kejeli nyuzi zako hazifiki ukurasa wa pili mkuu. Nakaa mbele.

#3 Ombasha
Marekebisho kabla hatujaenda mbali. Si wote 80,000 na zaidi walioshika bunduki. KAR ni jeshi la miguu. Pembeni yake kulikuwa na kikosi cha usafirishaji, mizinga, uhandisi, matibabu, na lile kundi kubwa la askari wa kazi waliochimba barabara, kupakua meli na kubeba. Ukisema "askari wa Burma" umeshapunguza idadi sana. Ukisema "askari wa KAR" umepunguza tena.

Kwa wanaofuatilia vikosi: miongoni mwa batalioni za Tanganyika zilizokuwa Burma ni 26 na 36, na kwenye karatasi utaona zimeandikwa 26 (TT) na 36 (TT). TT ni Tanganyika Territory, kwa hiyo msiihesabu kama cheo. Zote mbili zilikuwa chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw wakati wa masika hadi Kalemyo na Kalewa mwishoni mwa 1944. Pale Kalewa ndipo mto Chindwin ulipotandikwa daraja la vyuma la futi 1,154, refu kuliko yote ya aina yake kwa wakati ule.

#4 Mpiga_Hesabu
Kiinua mgongo tukiweke kwenye namba. Nyaraka zilizoandikwa sana na waandishi wa habari mwaka 2019 zinaonyesha malipo ya mwisho wa vita yalipangwa kwa rangi. Mzungu wa cheo cha chini kabisa aliyekuwa akiishi kwenye makoloni yetu alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia. Mwafrika wa cheo hichohicho, shilingi 3 na senti 50.

Chukua miaka minne, miezi 48. Mwafrika: 48 × 3.50 = shilingi 168. Mzungu: 480. Hiyo ni zawadi ya vita peke yake. Akiba ya mshahara ni jambo jingine, maana sehemu yake ilikatwa na kuwekwa benki ya posta, na nyingine ilikuwa ikitumwa nyumbani mwezi hadi mwezi.

Na hapa ndipo #1 anateleza kidogo. Mwenye 168 na akiba ya posta hakurudi mikono mitupu. Tatizo alirudi mahali ambapo bidhaa zilikuwa adimu. Nguo zilipotea madukani wakati wa vita, zilizobaki bei ikapanda. Fedha ilikuwapo, cha kununua hakikuwapo, na ndugu wote walikuwa wamesubiri.

#5 BintiPangani
Ndugu wote walikuwa wamesubiri. Hiyo ndiyo sababu, fungeni uzi.

#6 Kipande30
Haufungwi. Kuna kodi ya kichwa, na kodi haisubiri msimu. Anayetoka sehemu isiyo na zao la biashara, fedha taslimu ataipata wapi? Anauza nguvu zake. Kwenye mkonge alipewa kipande: karatasi yenye nafasi 30, kila siku aliyokamilisha kazi inatiwa alama, zikijaa analipwa. Ni siku 30 za kazi, hazihusiani na mwezi wa kalenda. Ukiumwa wiki nzima, wiki hiyo haipo. Ukishindwa kufikisha kiasi ulichopangiwa, alama haitiwi, hata kama ulikuwa shambani tangu alfajiri.

#7 Korona_Namba2
Kipande ndicho walichokuwa wakining'iniza shingoni kwenye kopo la bati, sivyo?

#8 Kipande30
Sivyo, na kosa hili hurudiwa kila uzi. Cha shingoni ni cha Kenya. Kile kilikuwa kitambulisho cha lazima chenye alama za vidole na jina la mwajiri. Sheria yake ni ya 1915, ikaanza kutumika baada ya vita vya kwanza. Cha Tanganyika kilikuwa kadi ya kuhesabia siku. Jina moja, vitu viwili.

#9 Ombasha
Na msimpe Mwingereza sifa zote. Mjerumani alishaleta kadi Usambara mwaka 1907, wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo. Kila mwanamume alitakiwa amfanyie Mzungu kazi siku 30 ndani ya miezi minne. Namba 30 ilikuwapo kabla ya Mwingereza.

#10 Mwanafunzi_wa_Historia
Shikamooni wakubwa. Swali la msingi: mkata mkonge alifanya nini hasa kwa siku? Vitabu vinasema "kazi ngumu" halafu vinaendelea na siasa.

#11 Korona_Namba2
Marahaba. Kaa vizuri, hii ndefu.

Mkonge ukipandwa kwa mistari pacha, mita 4 njia kubwa, mita 1 kati ya pacha, sentimita 80 kati ya mche na mche, unapata miche 5,000 kwa hekta. Mkato wa kwanza ni baada ya miaka miwili hadi mitatu. Kuanzia hapo unarudiwa kila mwaka au pungufu kidogo, mpaka mmea utoe mlingoti (shina la maua) na kufa. Maisha yote ya mmea ni kama miaka 7 hadi 12, na majani yote utakayovuna ni 200 hadi 250.

Mkataji anaingia asubuhi na mapema, jua halijapanda. Kwanza anakata mwiba wa ncha, la sivyo utamtoboa yeye au anayepakia. Kisha anashuka kwenye majani ya chini, yaliyolala kuelekea ardhini. Yaliyosimama karibu na moyo hayaguswi. Anakata karibu na shina bila kulichuna. Juu anabakiza majani kama 20 hadi 25. Akizidisha mkato, mmea unadumaa na majani ya mwaka unaofuata yanakuwa mafupi. Akipunguza, ya chini yanakauka shambani na singa (nyuzi za mkonge) zinaharibika.

Majani 30 ni mzigo mmoja, unafungwa kwa ukanda wa jani lenyewe. Hesabu inayotajwa sana kwa zamani zile ni mizigo 70 kwa siku. Hayo ni majani 2,100. Jani moja likiwa na gramu 600, mzigo ni kilo 18 na siku nzima ni kilo 1,260. Na usisahau kuna kuibeba hadi kwenye reli ndogo ya toroli na kuipanga ihesabike.

Singa ni asilimia 3 hadi 4 tu ya uzito wa jani. Kwa hiyo kilo 1,260 zinatoa kama kilo 44 za singa kavu. Robota moja la kilo 250 ni kazi ya mkataji mmoja kwa karibu siku sita.

#12 Mpiga_Hesabu
Naongeza mwendo. Tuseme wastani wa kutoka kwenye mmea hadi kwenye reli ni mita 50. Mizigo miwili kwa safari, kilo 36 begani, safari 35. Kwenda na kurudi mita 100. Ni kilomita 3.5 kila siku, nusu yake na kilo 36. Akibeba mmoja mmoja, kilomita 7.

#13 Chapati_Mbili
Na bado kuna watu wanalipia ukumbi wa mazoezi.

#14 MzeeWaToroli
Ndugu yangu wa #11 umeeleza vizuri, ila mambo matatu yamebaki.

La kwanza, 70 haikuwa sheria ya nchi nzima. Shamba na shamba, na hata kipande cha shamba. Mkonge mchanga una majani mafupi, unakatika upesi, kwa hiyo msimamizi anaongeza idadi. Mkonge mzee karibu na mlingoti una majani machache kwa mche, unatembea zaidi. Kugombania hesabu ndiko kulikozaa ugomvi mwingi kuliko hata mshahara.

La pili, mzigo pungufu. Mnyapara akivuta mzigo mmoja akakuta majani 28, anaweza kukataa fungu zima. Majani mafupi mno nayo hukataliwa, kwa sababu korona haiyashiki vizuri, yanavutwa na kupotelea kwenye makapi.

La tatu, utomvu. Unawasha. Ndani yake kuna chembe ndogo kama sindano, ukipenya kwenye kwapa na shingo ngozi inavimba. Mkataji mzoefu hubeba mzigo kwa upande uliokatwa ukiwa mbali na shingo.

#15 Korona_Namba2
Nakubali yote. Kwa kijana aliyeuliza, korona ni mtambo wa kukwangua majani, jina lilitokana na aina ya mashine za Kijerumani likabaki kwa kiwanda chote. Jani linaingia kwa ubavu likiwa limebanwa, ngoma yenye mapanga butu inakwangua nusu moja, linahamishiwa mbano wa pili, inakwanguliwa nusu iliyobaki, maji yakimiminika muda wote. Maji yakipungua, nyama ya kijani inagandia kwenye singa na ukianika inakuwa madoa ya kahawia, daraja linashuka. Jani likikaa zaidi ya siku mbili baada ya kukatwa ni hivyohivyo. Ndiyo maana mkataji, toroli na korona havikuweza kuachana hata kwa siku moja, na mkataji mmoja mgonjwa alihesabika kama hasara ya mashine.

#16 MwanaMkonge
Sasa unganisheni na askari. Asante kwa darasa, lakini uzi ni wa askari.

#17 Songea_hadi_Pwani
Nitauunganisha kwa namna usiyoipenda. Swali lako limekaa vibaya. Unauliza kwa nini askari "aliishia" kwenye mkonge, kana kwamba jeshi lilikuwa juu na mkonge chini. Tazama wilaya walikotoka. Kigoma kwa Waha, Songea kwa Wangoni na majirani zao: huko ndiko wakala wa mashamba walikoandika manamba, yaani vibarua wa mkataba, na jeshi nalo liliandika watu hukohuko. Ni sehemu zilizofanywa hazina ya nguvukazi tangu enzi ya Mjerumani. Zao la biashara halikupewa nafasi kubwa huko. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, yenye kambi za njiani, malori na posho. Askari aliporudi 1946, gari lililokuwa linasubiri kijijini lilikuwa la SILABU. Hakuishia popote. Alipita njia ileile ambayo kaka yake alishapita.

#18 Kipande30
Na huyo kaka pengine hakwenda kwa hiari. Mapema 1942 Mjapani alipochukua Ufilipino na visiwa vya Uholanzi kule Asia, washirika walipoteza katani yao ya huko. Tanganyika ikawa tegemeo la kamba za meli na za kufungia mazao. Serikali ikaanza kuwalazimisha raia kufanya kazi mashambani: mkonge, mpira, chakula. Machifu na majumbe walipewa idadi ya kutoa. Kijiji kimoja kilitoa vijana wa bunduki na vijana wa mkonge kwa mkono uleule.

#19 BintiPangani
Yaani kamba iliyofunga meli Mombasa ilikatwa na ndugu wa askari aliyepanda meli hiyo.

#20 Ombasha
Inawezekana kabisa. Na kwa kuwa mmetaja meli: Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Kolombo, ikazamishwa na manowari ya Kijapani I-27 tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldivi. Walikufa watu 1,297. Ndani yake kulikuwa na kikosi cha 301 cha mizinga ya Afrika Mashariki. Wale hawakurudi kukata kitu chochote. Majina yao yako kwenye kumbukumbu iliyopo makaburi ya vita ya Nairobi.

#21 Mwanafunzi_wa_Historia
#17, kama njia ilikuwa ileile, kwa nini waliorudi wasitumie ujuzi? Dereva ni dereva.

#22 MzeeWaToroli
Baadhi walitumia. 1947 ulipoanza mradi wa karanga Kongwa, walihitajika madereva, mafundi na watu wa matrekta. Ulikuwa mradi wa chuma chakavu cha vita: matrekta yaliyobaki kwenye maghala ya jeshi, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mibuyu na visiki vya Kongwa vikavunja majembe, udongo ukikauka unakuwa kama saruji, mvua haba. Kufika 1951 mradi umefutwa. Dereva aliyeacha kijiji kwa ajili ya Kongwa akawa hana kazi mara ya pili ndani ya miaka mitano.

Kwenye mkonge pia kulikuwa na kazi za ujuzi: dereva wa kichwa cha toroli, fundi wa korona, karani wa hesabu, mpishi wa kambi, mhudumu wa zahanati. Lakini hesabuni nafasi zenyewe. Korona moja inahitaji mafundi wachache na wakataji mamia.

#23 Sajini_Kivuli
Mmemsahau mnyapara. Sajini aliyezoea kusimamisha watu mstari asubuhi, kuhesabu, kuandika waliokosekana, kusoma amri fupi ya Kiswahili. Meneja wa shamba angemtaka nani zaidi?

#24 Songea_hadi_Pwani
Asiyejua kudai. Sajini aliyekuwa Burma ameona ofisa Mzungu akitetemeka kwa malaria, amekula mgawo uliopimwa na kuandikwa. Ukimpa unga pungufu anajua ni pungufu kwa kiasi gani. Meneja mwenye akili angemwogopa.

#25 Sajini_Kivuli
Ungekuwa sahihi kama migomo mikubwa ya mkonge ingeanza 1946. Migomo ilipamba moto mwishoni mwa miaka ya 1950, chama cha wafanyakazi kilipokwishaundwa. Hao wakataji wa 1958 wengi walikuwa watoto wakati wa Burma.

#26 Songea_hadi_Pwani
Mgomo wa makuli wa Dar 1947 umeuruka kwa makusudi.

#27 Sajini_Kivuli
Bandari si shamba la mkonge. Kuli analala mjini, anakutana na watu. Mkataji analala kambini, duka ni la kambi, na kipande chake kina alama 22. Akiondoka leo anaacha siku 22 nyuma. Kadi yenyewe ilikuwa polisi tosha.

#28 Kipande30
Hii ya #27 inashinda maelezo yangu mwenyewe. Naomba ihesabiwe kama sababu ya nne.

#29 Chapati_Mbili
Nimehesabu sita. Hela kidogo, ndugu, kodi, njia ileile, ujuzi bila nafasi, kadi polisi. Mshindi apewe kilo 44 za singa.

#30 Mwalimu_Wa_Zamu
Naweka ya saba, inayopingana na zote. Wengi hawakwenda kwenye mkonge. Walirudi vijijini, wakalima, wakaoa, wakafungua viduka, wakawa matarishi na makarani wa baraza. Mkonge ulidharauliwa, neno manamba lenyewe lilikuwa tusi, mtu aliyegeuzwa namba. Aliyevaa nyota ya Burma, medali ya vita vile, asingependa kuitwa hivyo. Mnaona askari wengi kwenye mkonge kwa sababu mnatazama Tanga. Tazameni Unyamwezi au Bukoba picha inabadilika.

#31 MwanaMkonge
Mimi nimeandika "baadhi" tangu kichwa cha uzi.

#32 Mwalimu_Wa_Zamu
Kichwa ndiyo. Hoja yako ya "mwajiri pekee" haina "baadhi".

#33 MwanaMkonge
Haya, hiyo nimeikubali. "Mwajiri pekee" naifuta.

#34 Mfuatiliaji_TAA
Kuna waliokwenda kwenye siasa pia. Abdulwahid na Ally Sykes wote walikuwa Burma na KAR, na wote wamo kwenye historia ya TAA (Tanganyika African Association) hadi TANU, 7 Julai 1954. Kenya yupo Waruhiu Itote, Jenerali China wa Mau Mau. Uganda yupo Idi Amin aliyepigana Burma.

#35 Ombasha
Amin aliingia KAR 1946. Vita vilikuwa vimeisha. Alianza kama msaidizi wa jikoni. Burma ilikuja baadaye, kwenye mdomo wake.

#36 Chapati_Mbili
Alipigana Burma na masufuria.

#37 Mfuatiliaji_TAA
Nimerekebishwa, asante. Ila hoja ya Sykes inabaki.

#38 Songea_hadi_Pwani
Inabaki na inathibitisha yangu. Wale walikuwa watoto wa mjini, wenye shule na nyumba Dar es Salaam. Jeshi halikuwatoa popote, liliwarudisha walipokuwa. Mtoto wa Kasulu nalo likamrudisha alipokuwa.

#39 Mwanafunzi_wa_Historia
Swali la mwisho, la vitendo. Familia ikiwa na nyota ya shaba na karatasi iliyochakaa, inawezaje kujua mzee alikuwa wapi? Hakuna maandishi nyuma ya nyota.

#40 Ombasha
Hakuna kwa sababu nyota za Uingereza za vita vya pili zilitolewa bila majina. Zilizoandikwa majina ni za Wahindi, Waaustralia na watu wa Afrika Kusini. Kwa hiyo nyota peke yake inathibitisha kampeni, mtu haithibitishi. Anza na utepe na maandishi ya mbele. Nyota ya Burma inasomeka katikati. Ile ya Afrika ni kwa aliyekuwa Uhabeshi, Somalia au Eritrea kati ya 10 Juni 1940 na 27 Novemba 1941, siku Gondar, ngome ya mwisho ya Mtaliano Uhabeshi, iliposalimu amri. Aliyekwenda Madagaska tu hapati ya Afrika wala ya Burma. Anapata ya 1939–1945.

Halafu cheti cha kuachishwa jeshi. Nakili namba ya askari kama ilivyo, pamoja na herufi zilizotangulia. Watu huandika jina tu, na majina yaliandikwa kwa sikio la karani: Mtu mmoja anaweza kuwa Hamisi, Khamis na Amisi kwenye karatasi tatu. Namba haibadiliki. Ukijua batalioni, shajara zake za vita za Burma ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, kundi la WO 172. Zitakupa kikosi kilikuwa kijiji gani siku gani. Askari wa kawaida hutajwa kwa jina mara chache sana, msitegemee hilo.

#41 Kipande30
Na upande wa mkonge ni kinyume chake. Kadi ilikuwa na jina na namba, lakini ikijaa ilirudishwa ofisini, mtu akalipwa, ikaanza nyingine. Familia nyingi zina medali ya miaka minne ya jeshi na hazina hata kadi moja ya miaka ishirini ya shamba. Ukiipata usiipige pasi wala kuibandika gundi ya plastiki. Wino wa alama unafutika kwa unyevu. Iweke kati ya karatasi mbili safi, mbali na jua, ipige picha pande zote mbili.

#42 BintiPangani
Na medali?

#43 Ombasha
Usiisugue kwa majivu wala dawa ya shaba, unafuta ncha za maandishi. Kitambaa kikavu kinatosha. Utepe ukioza usiutupe kabla hujaandika mpangilio wa rangi: Burma ni buluu iliyokoza na mstari mpana mwekundu katikati, na pembeni mistari miwili myembamba ya rangi ya chungwa. Wengi wakibadilisha utepe wanaweka wa Afrika kwa sababu ndio uliopatikana, halafu mjukuu anakuja hapa kuuliza babu yake alifikaje Gondar wakati batalioni yake haikwenda.

#44 MzeeWaToroli
Ombasha, nisamehe, mistari ya chungwa haiko pembeni kabisa. Iko katikati ya kila upande wa buluu. Ukiuweka ukingoni mshonaji atakosea.

#45 Ombasha
Kweli. Buluu, chungwa, buluu, nyekundu, buluu, chungwa, buluu. Nimepokea.